Kuvuka mwera Ziwa Nyasa kwa boti ya tanga, na kuikarabati baada ya dhoruba: mwongozo kamili

Asubuhi ya mwezi wa Julai pale Matema ziwa linaweza kuwa limelala kabisa, mtumbwi wa mvuvi ukaonekana kama umebandikwa juu ya kioo. Saa nne unasikia baridi shingoni. Saa tano huwezi kusimama ndani ya boti bila kushika kitu. Huo ndio mwera, upepo mkali wa kusini.

Mwongozo huu ni kwa mwenye boti ya mbao ya mita sita hadi kumi, yenye tanga, iwe na mashine au isiwe nayo, inayotembea kati ya Itungi, Matema, Ikombe, Lupingu na Manda. Maneno ya chombo nimeyachukua kwa nahodha aliyenifundisha, mtu wa pwani aliyehamia Kyela, kwa hiyo nitasema omo kwa mbele ya boti na tezi kwa nyuma.

Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na sisi wa Kyela tumekaa kwenye ncha ya kaskazini. Mwera unatoka kusini. Wimbi linaloanza kujengeka mbali huko upande wa Malawi na Msumbiji linapata nafasi ndefu ya kukua kabla halijatufikia. Tena mawimbi ya ziwani ni mafupi na yamesimama wima, moja linafika kabla boti haijamaliza kushuka kwenye lililotangulia. Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika ziwa hili hili kwenye dhoruba, watu 145 wakapoteza maisha. Ile ilikuwa meli.

Boti zote ninazozijua zilizozama zilizama kwa namna moja: maji yaliingia haraka kuliko yalivyotolewa. Mlingoti ukivunjika boti bado inaelea, na tanga likichanika vilevile. Kwa hiyo kila ninachokueleza hapa, kabla ya dhoruba, ndani yake na baada yake, kinahusu maji kuingia na maji kutoka. Ukibanwa na hujui ufanye nini kwanza, fanya kile kinachopunguza maji ndani ya boti.

Kujua lini usitoke

Mwera una nguvu zaidi kuanzia Mei hadi Agosti, na ukishaanza unaweza kuvuma siku tatu au zaidi mfululizo. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, hatari ni nyingine: radi na upepo wa ghafla, mfupi lakini mkali, unaogeuka upande bila taarifa.

Watu huniuliza kuhusu vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga kinapata nguvu kwenye bahari yenye joto, kikiingia nchi kavu kinadhoofika. Hidaya ya Mei 2024 ilipiga pwani, na Freddy ya Machi 2023 ilileta mvua na maporomoko mabaya kusini mwa Malawi. Ukisikia kimbunga kimetajwa kwenye taarifa, huku kwetu tarajia mvua kubwa, mito kufurika na magogo kuelea ziwani. Gogo lililolala nusu chini ya maji usiku ni hatari sawa na mwamba.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi unaotaja Ziwa Nyasa. Usikilize redioni au uutafute kwenye simu jioni, kisha tena alfajiri. Baada ya hapo tumia macho yako:

Mawimbi yanaingia ufukweni na upepo hakuna: mwera umeshaanza kusini na uko njiani.
Mstari mweupe au mweusi kwenye upeo wa kusini, maji yakionekana kama yamechomwachomwa: una dakika, huna saa.
Wingu zito limesimama juu ya milima ya Livingstone, halafu ghafla hewa inapoa: upepo wa kushuka mlimani unakuja.

Mgeni mara nyingi huogopa ile nguzo nyeusi inayoinuka majini kama moshi wa moto. Hao ni kungu, wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mamilioni. Hawaharibu kitu, ila funga mdomo wakipita.

Ukiwa na shaka, lala. Abiria watanung'unika, mwenye mchele atasema soko linampita. Nahodha ni wewe.

Kuandaa boti kabla ya msimu

Mzigo kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Mimi sipakii zaidi ya pale ambapo shibiri tatu za ubavu zinabaki juu ya maji, boti ikiwa imetulia na watu wote wamekaa. Gunia la mchele au la kokoa likiloa linavuta maji na kuwa zito, na huwezi kulinyanyua ukiwa umepiga magoti. Liwekee turubai chini na juu, na uliinue juu ya vijiti ili maji yapite chini yake kuelekea unapofulia, yaani unapoyachotea kuyatoa nje. Vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe havinywi maji kwa kiasi hicho, lakini vikilegea vinagongana na kusukumana upande mmoja. Vifunge kwa wavu na majani makavu katikati.

Acha nafasi wazi katikati ya boti, upana wa mtu aliyechuchumaa na ndoo. Nimewahi kuona boti iliyojaa hadi hapakuwa na mahali pa kutumbukiza kopo. Maji yalikuwa yanasikika chini ya magunia na hakuna aliyeweza kuyafikia.

Vitu vya kubeba: madebe mawili ya kufulia maji, kila moja limefungwa kwa kamba kwenye boti ili lisichukuliwe na wimbi, boya la kuvaa kwa kila mtu, na livaliwe tangu ufukweni, makasia mawili hata kama una mashine, nanga na kamba ya mita hamsini au zaidi, tochi, filimbi, simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Mwachie mtu wa ufukweni idadi ya watu na saa unayotarajia kufika, ili usipofika apige 112.

Halafu kuna kikapu cha dharura, nacho kikae karibu na mshika usukani: pamba ya kukalafatia (kuziba mishono ya mbao), mche wa sabuni, kipande cha mpira wa ndani wa tairi, vipande viwili vya bati, misumari mifupi, nyundo, kabari za mti laini, kisu na turubai la mita mbili. Vyote havizidi kilo tano.

Boti ikiwa ufukweni

Dhoruba ikitabiriwa na hutoki, ivute boti juu kupita alama ya mwisho ya takataka za mawimbi, shusha tanga pamoja na foromali, ule mti unaolibeba, toa mashine, elekeza omo ziwani, kisha funga kamba mbili kwenye miti miwili tofauti. Sehemu kamba inapokwaruza mbao ivishe kipande cha mpira au gunia; kamba nyingi hukatikia hapo. Mtumbwi upindue na uufunge. Ukilazimika kuiacha ikielea, toa kamba ndefu: kwa kina cha mita tano, mita hamsini si nyingi kwenye dhoruba. Kamba fupi huing'oa nanga kwa kuivuta juu.

Ikikukuta ndani ya maji

Hatua ya kwanza ni tanga, na ifanyike mapema kuliko moyo wako unavyotaka. Ukijiuliza kama wakati umefika wa kupunguza, umefika. Teremsha foromali hadi nusu, kunja tanga juu yake na uifunge kwa vijikamba. Upepo ukizidi, tua tanga kabisa, ulaze foromali katikati ya boti na uifunge. Henza, yaani kamba ya kutwekea, isiwe imefungwa fundo gumu hata siku moja. Izungushe mara tatu tu, ili mkono mmoja uifungue hata ikiwa imeloa. Demani, yaani kamba ya kuvutia pembe ya chini ya tanga, ishikwe kwa mkono. Upepo wa ghafla ukija, unaiachia na boti inanyooka.

Hatua ya pili, watu wakae chini sakafuni, katikati, pande mbili sawa. Kama kuna radi, wasishike mlingoti wala kamba zake.

Hatua ya tatu, panga zamu za kufua maji kabla maji hayajawa mengi. Watu wawili wanafua, wawili wanapumzika, wanabadilishana kila dakika kumi. Anayefua atazame chini, asitazame mawimbi. Safari moja ya Julai kutoka Lupingu nilichelewa hapa. Kijana aliyekuwa nyuma yangu aliniambia, "Kaka, maji yamefika taruma la tatu." Mataruma ni ile miti iliyopinda kama mbavu inayoshika mbao za boti. Niligeuka, nikaona uzi mweupe unacheza juu ya maji kama mzizi. Ilikuwa pamba ya kalafati imetoka kwenye mshono wa kando ya mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti. Fundi niliyemlipa alikuwa ameipaka rangi tu juu, chini hakuigonga. Nilisugua pamba mpya na sabuni hadi ikawa kama ugali, nikaisukuma kwa mpini wa kijiko, nikaweka mpira juu, bati juu ya mpira, misumari sita. Maji hayakwisha, ila yalipungua kiasi cha debe moja kuyashinda.

Tundu likiwa kubwa na liko ubavuni, hamishia mzigo upande wa pili ili tundu liinuke, kisha pitisha turubai kwa nje chini ya boti na ulifunge pande zote mbili. Maji yenyewe yatalibana kwenye tundu.

Hatua ya nne ni kuchagua namna ya kukaa na wimbi. Kuna njia mbili.

Ya kwanza, elekeza omo kwenye wimbi na uishikilie hapo kwa nanga ya maji. Funga tanga dogo au turubai kwenye mti, pembe za chini zikutane kwenye kamba moja yenye jiwe, tupa mbele, achia kamba mita arobaini hivi. Inafunguka majini na kuizuia boti isigeuke ubavu. Kama una mashine, iendeshe polepole, ya kutosha tu kushika uelekeo. Kupiga wimbi kwa kasi hufungua mishono. Hii ndiyo njia ninayoiamini kama kuna nafasi nyuma yako ya kusukumwa.

Ya pili, kimbia na upepo. Kwa kuwa mwera unavuma kuelekea Matema na Itungi, njia hii inakuvuta kwa sababu inaelekea nyumbani. Hatari yake ni boti kuteleza kwenye mgongo wa wimbi, omo kuchimba, kisha kugeuka ubavu na kupinduka. Ukiichagua, funga kamba nene ncha zote mbili kwenye tezi na uiburute nyuma kama kitanzi. Inapunguza mwendo na kunyoosha usukani. Mtu mmoja atazame nyuma muda wote na kutangaza wimbi kubwa.

Kati ya Ikombe na Lupingu usijibanze kwenye miamba ukidhani utapata kinga. Milima inaingia ziwani moja kwa moja, nanga haipati pa kushika, na wimbi linalogonga mwamba linarudi kukutana na jingine. Kama hujafika mahali penye mchanga unaoujua, jitenge, kaa nje kwenye maji mengi.

Kutosa mzigo: anza na kilicho juu na kinachonyonya maji. Usingoje ruhusa ya mwenye mali. Mwambie, kisha tupa.

Ikipinduka

Hesabu watu kwa sauti, kwa majina. Kila mtu ashike boti. Boti ya mbao iliyojaa maji mara nyingi bado inaelea, na inaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ufuko unaoonekana karibu mara nyingi uko mbali, na waogeleaji wazuri ndio hupotea kwa sababu wanajiamini. Watoto wawekwe juu ya mkuku. Maji ya ziwa hili si ya barafu, lakini upepo juu ya nguo zilizoloa unaondoa joto mwilini usiku kucha. Bananeni, miguu mmeikunja, msivue nguo. Usimfunge mtu kwenye boti kwa fundo lisilofunguka.

Kuingia ufukweni

Watu wengi huumia hapa, wakiwa wameshaona moshi wa majiko ya nyumbani. Usiingie kwenye mdomo wa Lufilyo au mto mwingine: maji ya mto yakikutana na wimbi la ziwa, wimbi linasimama na kuvunjika, na midomo ya mito ni makazi ya mamba na viboko. Tafuta mchanga ulionyooka. Simama nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, geuza omo ielekee ziwani, uyatazame. Makubwa huja kwa kundi, halafu hutulia kidogo. Kundi likipita, piga kasia kinyumenyume, tezi ikitangulia. Wimbi likija, piga mbele kulikabili, likipita endelea kurudi. Maji yakifika kiunoni watu washuke pande zote mbili, asishuke mtu kati ya boti na ufuko, maana ndipo itakapomwangukia.

Ukarabati

Watu kwanza: nguo kavu, uji wa moto wenye sukari, mwenye kuchanganyikiwa au kuacha kutetemeka apelekwe hospitali. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, na kwa wasimamizi wa usalama wa vyombo wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Piga picha boti kabla hujagusa kitu.

Kisha iweke boti kivulini. Ukiianika juani mbao zinakauka haraka, zinapasuka, na mishono mizuri nayo inafunguka. Jenga kibanda cha makuti au turubai, inua boti juu ya magogo matatu, ioshe mchanga wote ndani.

Sasa kagua, kwa utaratibu huu. Vuta kamba ya uashi kutoka omo hadi tezi juu ya mkuku. Kama katikati pameinuka au pameshuka kuliko zamani, mgongo umejikunja, na hilo ni la kushughulikia kabla ya lolote. Piga kila taruma kwa mpini wa nyundo. Zima linalia kama mlango unaobishwa, lililopasuka au kuoza linatoa sauti ya gunia. Chomeka kisu: kikizama bila nguvu, pameoza. Maji baridi hayana wale minyoo wanaotoboa mbao baharini, lakini pia hayana chumvi inayochelewesha uozo, kwa hiyo tazama sana pale mvua inapotuama, chini ya viti na kwenye kona za omo. Mwisho shika kila msumari kwa kidole wakati mwenzako anasukuma ubao. Unaocheza hauhesabiki kama msumari.

Taruma lililopasuka usilitoe kama bado linashika umbo. Weka pacha pembeni yake, mti mpya uliochongwa kufuata mkunjo uleule, urefu upite ufa angalau shibiri mbili kila upande.

Ubao uliovunjika ukate hadi kwenye mti mzima. Ukiunga kwa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene: ubao wa sentimita 3, mshazari wa sentimita 24. Viungo vya mbao mbili zinazopakana viachane nafasi tatu za mataruma, la sivyo umetengeneza mstari wa kukatikia. Tumia mvule au mninga. Paini ya Mafinga ni rahisi kupatikana kila duka la mbao kuanzia Iringa hadi Mbeya, inafaa kwa sakafu na viti, ila chini ya maji bila dawa itakudai tena baada ya muda mfupi. Mkaratusi unatoa mlingoti ulionyooka vizuri; ukaushe kivulini taratibu, ncha zake umezipaka rangi au lami, kwa sababu hupenda kupasuka na kujisokota. Misumari iwe iliyopakwa zinki, na itobolee njia kwanza kwa keekee nyembamba.

Kalafati ndiyo kazi yenyewe. Anza na mshono wa kando ya mkuku, pande zote mbili, hata kama unaonekana mzima, maana dhoruba huufungua huo kwanza. Kwangua pamba ya zamani yote, pamoja na rangi na mchanga, hadi uone mti mweupe. Acha mshono ukauke. Sokota pamba iwe uzi wa unene wa penseli, ilaze kwenye mshono kwa vijikunjo vidogo vidogo, kisha igonge kwa patasi butu. Sikiliza: mwanzoni sauti ni laini, ikishakaa inakuwa ngumu na nyundo inaruka. Hapo acha. Ukijaza kupita kiasi mbao kavu, zikinywa maji zitavimba na kusukuma mataruma hadi yang'oke. Pamba ikae chini ya uso wa ubao kiasi cha unene wa shilingi, nafasi inayobaki ijazwe lami au mastiki. Lami iyeyushwe nje, kwenye sufuria isiyozidi nusu, mchanga ukiwa karibu, na isimwagwe kamwe kwenye mshono wenye unyevu; inaruka na kuunguza uso.

Tanga lioshwe, likauke, liwekwe juu ya mkeka. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita tano kila upande, kingo zikunjwe, uzi upakwe nta ya nyuki. Kamba ikunjue nyuzi zake utazame ndani. Ikiwa na unga au nyuzi fupi, haifai kwa henza wala nanga.

Mashine iliyozama haisubiri. Kama huwezi kuifungua siku hiyo, iache ndani ya pipa la maji safi, maana kutu huanza inapopata hewa. Ukiifungua: isuuze, toa plagi, ilaze matundu yakiangalia chini, vuta kamba taratibu hadi maji yaishe, kisha mimina mafuta ya injini kidogo kila tundu na uvute tena. Safisha kabureta, mwaga petroli yote ya zamani. Mafuta ya gia yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, yabadilishe pamoja na sili yake. Ikikataa kuzunguka kwa mkono usiilazimishe, mpelekee fundi.

Kuijaribu

Siku mbili kabla ya kuishusha, funika ndani ya boti kwa magunia yaliyoloa ili mbao zianze kuvimba. Ishushe kwenye maji ya magotini, ifunge, na uiache usiku. Maji yataingia, usishtuke. Asubuhi yafue yote, subiri saa moja, kisha chora alama kwa mkaa kwenye taruma la katikati pale maji yalipofika. Rudia jioni, rudia kesho yake. Alama ikiwa inashuka kila mara, mbao zinajifunga. Ikibaki palepale siku ya tatu, kuna mshono ulioruka: paka majivu makavu ndani kando ya mishono yote, na mahali majivu yanapolowa kwanza ndipo unapoanzia na patasi.

Baada ya hapo pakia mawe ya uzito wa nusu ya mzigo wako wa kawaida, nenda hadi Ikombe na kurudi siku tulivu, debe likiwa mkononi mwa mtu, na usichukue abiria.